Gudulia la Kitunguu

Mchana kutwa nauza dawa.
Naijua kila chupa kwa jina lake la Kilatini,
najua tone lipi hugeuka sumu,
nawaambia wateja: kijiko kimoja, mara tatu, baada ya kula.
Usiku, ghorofa ya nne, mjini Suwałki,
theluji ikigonga kioo kama mdai,
Tymek anakohoa,
nami namenya kitunguu.

Kisu, ubao wenye makovu.
Tabaka la kitunguu, tabaka la sukari,
tabaka la kitunguu, tabaka la sukari,
hadi gudulia lishibe.
Kisha nalisogeza kando ya bomba la joto, chini ya dirisha,
likae litoe jasho lake.

Mama hakuwahi kuandika kipimo.
"Sukari kiasi gani?" "Ya kutosha."
"Nikoroge hadi lini?" "Mpaka mkono useme basi."
Mimi, mwenye mizani inayopima hata unyoya,
nimerithishwa kisichopimika.

Aliniponya, au nilipona tu, sijui.
Maziwa ya moto, siagi ikielea,
kitunguu saumu kimepondwa humo humo:
nilibana pua, nikameza, nikaapa
nikikua sitamfanyia mtu hivi.
Goti la jirani Wacława alilifunga jani la kabichi
lililopondwa kwa chupa likachuruzika maji,
na kabichi hiyo hiyo, mbichi, baridi,
alinibandika kifuani juma lile nilipojifungua,
maziwa yamenijaa mpaka nalia.
Mfamasia mzima, shahada ukutani,
nililala nikinuka kama supu.
Nililala, lakini. Usingizi wa kwanza baada ya siku tatu.

Ila baba.
Baba alirudi na vumbi la machimbo ya changarawe
limefanya makazi kifuani.
Mama akamletea asali, akamletea tangawizi,
akamsugua mgongo kwa mafuta ya bata bukini
usiku baada ya usiku,
shuka zikawa manjano, zikakataa kutakata.
Jikoni hamkuwa na mmea wa maradhi yale.
Nikaenda kusomea dawa, kwa hasira.

Saa saba ya usiku. Kipimajoto: thelathini na tisa nukta nne.
Nampigia Mama, kule Sejny.
Anapokea kabla simu haijalia mara ya pili.
Namwambia nimeshatengeneza kitunguu.
"Anapumuaje?"
Naisogeza simu kifuani pa mtoto.
Kimya. Upande wa pili nasikia saa yake ya ukutani.
"Akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani?"
Nafunua fulana. Nilikuwa nimeziona tangu saa nne,
nikajifanya sikuziona.
"Zinaingia."
"Basi mvishe. Hospitali. Sasa hivi."
"Na kitunguu?"
"Kitunguu si cha mtoto, Halszka.
Ni cha mama yake, mikono isikae bure
wakati moyo unahesabu."
Kisha, taratibu, kana kwamba anazungumza na sufuria:
"Ya baba yako niliyajua tangu mwezi wa kwanza.
Ningefanya nini na mikono yangu?"

Sikumjibu. Nilikuwa natafuta kiatu cha kushoto.

Tulirudi siku ya nne,
Tymek mwepesi kama shati lililokauka,
dawa mbili mfukoni, na karatasi ya vipimo
niliyoisoma mara tatu ndani ya teksi.
Gudulia lilikuwa pale pale,
maji yake ya manjano yamepanda hadi shingoni.
"Hii nini?"
"Ya bibi."
Akachovya kidole, akalamba, akakunja uso,
akachovya tena.