Ile Herufi

Saluni ya Tatu Nandule, Newala, nyuma ya stendi.
Televisheni imening'inizwa juu, karibu na kalenda ya benki,
na mimi niko kitini, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.
Sina pa kukimbilia.

Kinaanza kile kichekesho cha saa mbili kasorobo.
Bwana anatokea na tochi, koti la mlinzi, rungu,
amejichora chale shavuni kwa wanja,
anauliza, "Ntu gani huyo nlangoni?"
na ukumbi mzima huko Dar unavunjika mbavu.

Hajasema neno la kuchekesha, sikilizeni vizuri.
Ametoa M, akaweka N.
Herufi moja, na analipwa.

Bibi yangu ameitumia herufi hiyo miaka themanini na ushei,
hajaona hata senti.
Kwa N hiyo alimwita nkunga usiku wa kuzaliwa mama.
Kwa N hiyo aliazima nchele, akaukataa nkopo,
akamwambia karani wa chama cha msingi, mbele ya watu,
kwamba nzani wake unakula kilo.
Hakuna aliyecheka. Karani alipima upya.

Lakini nisijifanye.
Nilicheka na mimi, kwa pua, kidogo,
kisha nikamwona kwenye kioo mama yake Tatu,
amekaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa,
chale zake za kweli zimetulia usoni
kama maandishi ambayo hakuna shule iliyotufundisha kusoma.
Alikuwa anahesabu chenji.

Zikaja habari.
Sisi wa kusini tuna zamu zetu humo:
korosho ikipanda, korosho ikishuka,
gesi,
upepo ukiezua paa la shule.
Tukiwa wazima hatuonekani.
Hata hali ya hewa! Yule dada wa suti ya kijani
husimama palepale kila siku,
kiwiko juu ya Lindi, nyonga juu yetu.
Mwanza jua, Arusha mawingu, Newala nyonga.
Niliwahi kuwatumia ujumbe kuhusu hilo.
Wakajibu: asante kwa kuendelea kuwa nasi.

Na mimi je?
Mwaka juzi redio walinialika nichangie mada ya pembejeo.
Asubuhi nzima nilifanya mazoezi mbele ya beseni:
mtu, mkono, mlango, mkulima,
midomo nimeibana kama mtoto anayekataa dawa.
Nikaongea dakika mbili, safi kabisa,
hakuna aliyejua natokea wapi.
Mjomba akapiga simu kunipongeza.
Nilirudi nyumbani kimya, na mdomo kama wa kukodi.

Leo nimerudi na nywele mpya,
namkuta mwanangu Shaweji, darasa la nne,
amekariri kichekesho chote.
Amejipaka masizi, ameshika mwiko ndio rungu,
anamchezea bibi yangu sebuleni.
Nikainua mkono nimzabe kibao.
Bibi akanizuia kwa macho. Alikuwa anabangua korosho,
vidole vimeungua kwa ule utomvu, vyeusi hadi kwenye kucha,
na alimsikiliza kijana mpaka mwisho
kama mkaguzi aliyetumwa kutoka wizarani.

"Hajui," akasema.
"Huyo ntu wenu wa kwenye kioo hajui.
Nani anasema 'ntelevisheni'? Nani anasema 'nchai'?
Anatupia N kila mahali, kama nlevi anayetia chumvi.
Nwambie aje hapa. Nitanfundisha,
ila nitantoza ada."

Shaweji akaandika daftarini. Kweli, aliandika:
usiseme nchai.

Kisha bibi akataka tufungue redio,
tusikie mnada wa Tandahimba umetoa bei gani.
Tulichelewa. Bei ilishasomwa.
Tulikuta tangazo la sabuni,
mwanamke anafurahia povu kwa M zilizonyooka,
na bibi akasema, "Hata huyo
hajawahi kufua."