Risiti Namba Kumi na Saba

Mkaguzi anafika Arua Jumatatu.
Driciru amelimwaga boksi mezani, chini ya taa:
risiti za sabuni, za mikeka, za unga wa mtama,
na ya mama muuza kuni, asiyejua kalamu,
aliyetia dole gumba lenye masizi.

Shilingi zote zimekaa mahali pake
isipokuwa elfu arobaini na mbili za maziwa.

Fomu inauliza: walengwa wangapi?
Thelathini na mmoja. Wawili wanaota meno.
Fomu inauliza: matokeo yanayopimika?
Anamfikiria Ezaru sokoni, akipanga nyanya
kwa mikono yote miwili,
mgongo mtupu kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.
Fomu haina safu ya mgongo.

Ruzuku yenyewe aliiomba mara tano.
Mara nne walimjibu kwa heshima.

Saa sita usiku anaipata, chini ya mkeka wa Onzima:
nusu karatasi, mate yamekauka,
jumla imeshamezwa.

Anachukua kalamu. Anaandika polepole,
kwa mwandiko wa shule:

"Risiti namba kumi na saba
imeliwa na mlengwa.
Maziwa pia."