Mkanda wa Mashine

Tuliinunua kwa pesa ya chaza,
chaza wa mikokoni, wa kuchemshwa, wa kuanikwa,
miaka mitatu ya kuchanja vidole kwenye magamba.
Mashine ya kukoboa mpunga, ya mtumba,
rangi ya kijani imebabuka.

Ilipoteremshwa, Perpetu Basene hakupiga kigelegele.
Aliomba spana.
Akasema: kitu kizima huchukuliwa kizima.

Kasamansi ilikuwa inanuka moshi tayari.
Tukaifungua usiku, nati kwa nati.
Chekeche alipewa Odeti Sambu,
akaanikia pilipili mbele ya macho ya watu.
Nozeli ilishonwa ndani ya mto wa mtoto wa Ramata.
Gurudumu lilizikwa zizini kwa Etyene,
na nguruwe hawakumwambia mtu.
Mkanda aliuvaa Sibeti Koli kiunoni, chini ya nguo.
Mimi nilipewa daftari: nani ana nini.
Nikalikariri, nikalichoma.

Walikuja wa msituni, wakauliza mashine.
Wakaja wa serikali, wakauliza mashine.
Kila mmoja wetu alisema kweli: sina.

Kisha njia ya kisimani ikaoteshwa mabomu,
vijiji vitano vikatawanyika,
tukarudi kwenye kinu na mchi.
Mabega yangu hayajasahau.

Baadaye sana, wahisani wenye fulana za bluu
waliuliza mradi wetu ulianzia wapi.
Ramata akajibu: kwenye uoga.
Hawakuandika.

Vipande vilirudi kimoja kimoja,
kwa mtumbwi, kwa baiskeli, kimoja ndani ya gunia la chumvi.
Mkanda tu.
Sibeti alikuwa amevuka mpaka, upande wa Bisau.
Tukampa neno muuza samaki wa kukausha,
naye akampa nesi, nesi akampa dereva,
na dereva, Mungu anajua.

Miezi kumi na minne.
Siku ya gulio alitokea binti wa miaka kama tisa,
mwenye mwanya wa Sibeti.
Akapandisha blauzi:
mkanda umemzunguka mara mbili.
"Mama alisema nisiuvue mpaka niwaone wote."
Alisema lini? tukauliza.
Akatazama vidole vya miguu yake.

Umelegea, una ufa mahali pawili.
Mashine iliwaka kwa mvuto wa sita.

Nikafungua daftari jipya.
Kwenye *mkanda* niliandika Sibeti Koli,
sikulikata jina; chini yake nikamwandika binti.
Alisimama begani kwangu akisoma polepole,
wino haujakauka,
kisha akauliza:
"Sasa hisa yetu inalipwa lini?"