Ung'ongo

Aliyeumwa na nyoka
akiona ung'ongo hushtuka.
Sawa. Lakini methali haikusema
afanyeje huyo mtu baadaye,
na majamvi yote ya Pemba yameshonwa kwa ung'ongo.

Kwangu mimi ni kiberiti.
Sitasimulia. Yatosha mjue
palikuwa na mtungi wa gesi, kumi la mwisho la Ramadhani,
na karai la sambusa ambazo hazikumfuturisha mtu.
Tangu hapo jiko huliwasha mwanangu Faki,
nami hungoja barazani kwa jirani,
mkono umeshika mkono.

Alhamisi, baada ya alasiri, Wete,
chumba cha nyuma ya ghala la karafuu.
Bi Raya Asaa, wa mazoezi ya viungo pale hospitali,
katandika majamvi yaleyale ya kuanikia;
harufu ingali ndani ya miyaa, kali, tamu kidogo.
Kikonyo kimoja kikanichoma kisigino.
"Umekisikia?" aliuliza. Nikasema, ndiyo.
"Basi hapo ndipo tunapoanzia."

Shemeji yangu alicheka: yoga!
Hayo ya watalii wa Nungwi, na suruali zao za kubana.
Nikamwambia, tuko wanane, na madira yetu,
na mmoja, Bi Mkasi, husinzia tangu mwanzo mpaka mwisho
na hakuna anayemwamsha.

Bi Raya haamrishi.
Nimeolewa mara mbili, nimesoma chuoni kwa bakora,
sijapata kusikia mtu mwenye kauli
akisema: ukipenda.
Ukipenda, fumba macho. Usipopenda, tazama mlango;
uko wazi, nimeuwekea jiwe.
Ukipenda, inua mikono. Kama leo ni mizito,
iache ilale, nayo imefanya kazi.
Hagusi mtu. Huuliza kwanza,
na ukisema hapana, hukwambia "ahsante,"
kana kwamba umempa kitu.

Wiki ya kwanza sikuweza kulala chali.
Ya pili vilevile.
Nilikaa nimeegemea ukuta, magoti kifuani,
nikasikiliza: ubaridi wa saruji mgongoni,
kanga ikinikwaruza shingo pale penye kovu,
kuku wa mtu akiparua nje,
mate yangu mwenyewe, kumbe yana ladha.
Pumzi ikaingia nusu, ikarudi
kama mgeni aliyekosea nyumba.
Hakuna aliyeikimbilia.

Ya tano, nadhani, nililala ubavu.

Karafuu mbichi hazikemewi ili zikauke.
Unazianika; wingu likija unazikunja na jamvi lake,
likipita unatandua tena.
Mama alifanya hivyo mara saba kwa siku moja, wala hakuona haya.
Nilikuwa nawaza hayo, shavu juu ya ung'ongo,
nikasikia kitu kikilegea mahali chini ya mbavu,
fundo dogo, si lote,
na machozi yakatoka bila sauti
na bila kisa cha kuyaeleza.
Bi Raya alisogeza kitambaa karibu, akarudi kwake.
Bi Mkasi alikoroma.

Sijapona; msiniandikie hilo.
Jana Faki alikwangua njiti,
mwili ukanyanyuka kabla yangu, kama desturi yake.
Nikauandama. Lakini kwenye kizingiti
nyayo ziliiuliza sakafu, na sakafu ikajibu:
baridi, ngumu, nipo.
Nikashika mwimo. Ulikuwa na vumbi, na msumari mmoja
ambao miaka yote sikuwahi kuujua.
Nikasimama hapo, nusu ndani, nusu nje,
mpaka chai ikachemka,
na harufu yake, ya karafuu mbili alizotia mtoto,
ikanikuta mlangoni.

Asubuhi jirani kaniuliza:
kulikoni, mbona jana hukuja?