Nazi Mbili

Kidawa wa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
alisoma fizikia mpaka ada ilipokata.
Siku hizi anafungua simu za watu
kwa bisibisi nyembamba kama mwiba wa dagaa.

Nimempelekea ya mama.
Ndani yake mna sekunde kumi na tisa:
Ukirudi pitia Mgandini, lete nazi mbili.
Zitikise kwanza, usiletewe koroma.

"Sauti haimo humu," asema, akipuliza vumbi.
"Zimo elektroni, zimefungiwa vijichumbani.
Chumba kilichojaa, hapana. Kitupu, ndiyo.
Mama yako ni hizo ndiyo na hapana."

"Na ukuta?"

"Chukua unywele, upasue mara elfu kumi.
Ufito mmoja, huo ndio ukuta."

"Hazitoroki?"

"Hutoroka. Moja moja.
Hazitoboi, haziruki.
Ilikuwa huku, mara iko kule,
na hesabu haioni ajabu.
Joto letu hili la Tanga linazihimiza."

Tuliambiwa kuta zina masikio.
Hatukuambiwa zinavuja.

Akanakili zile sekunde kwenye kadi mpya,
ndogo kuliko ukucha wa mtoto.
"Hii nayo ina kuta," akasema. "Usikae miaka. Nakili tena."
Elfu tano. Hakupunguza.

Nikapitia Mgandini.
Nikaiweka nazi sikioni, nikaitikisa:
maji yakaitika nyuma ya kifuu.

Nimenunua mbili,
ingawa sasa napika ya mtu mmoja.