Shahidi Nambari Tatu

Nyuma ya pazia la kijani, mahakamani,
niliapa kusema kweli, kweli tupu,
kisha nikajibu nilichoulizwa.
Wakili aliuliza tarehe. Nikatoa tarehe.
Aliuliza uzito wa begi. Kilo saba na robo.
Hakuuliza nani aliupima.

Niliupima mimi, Chumbageni, kwa mizani ya jikoni:
saruji ya hapa hapa Tanga, nimeichekecha
ikawa laini kama unga wa maandazi,
nyaya mbili, nyekundu na nyeusi,
na kitufe nilichokibandua kwenye kengele ya mlango
wa nyumba iliyohamwa.
Kitu kisichoweza kuua sisimizi.

Tawakali Mwakidundo, miaka kumi na tisa,
fundi baiskeli, Ngamiani, barabara ya kumi na nne.
Tulimpata kwa maneno. Aliyaandika simuni usiku ule
mgambo walipomwaga spoku zake mtaroni:
*Ipo siku mji huu utanisikia.*
Mji haukusikia.
Nilisikia mimi.

Nikaenda kwake na baiskeli iliyopiga nane.
Rimu niliipinda mwenyewe, kwa goti, uani kituoni.
Aliigeuza juu chini, akakaza spoku mojamoja,
ncha ya ulimi nje, kama mtoto anayeandika alifu.
Bei gani, fundi?
Panda kwanza. Ukiridhika ndiyo utalipa.

Nikamwambia naitwa Luqmani.
Udhu nilijifunza siku nne, bombani,
sajini kasimama juu yangu:
kiwiko, bwana, kiwiko, umesahau tena kiwiko.

Miezi saba ya kahawa chungu na kashata,
zote kwa pesa ya ofisi, risiti ninazo.
Hakuwa na wa kumwita mwanangu,
nikamwita mdogo wangu.
Neno hilo limo jaladani, limepigwa mstari,
pembeni mtu kaandika kwa kalamu ya risasi: *mbinu*.

Mwezi wa tano alitaka kuacha.
Mama'ke kamtafutia kibarua cha kupakia machungwa Muheza.
Alicheka aliponiambia. Kaka, hasira zenyewe zimeniisha.
Nikaripoti. Simu ikajibu: mrudishe.
Nikamrudisha.
Nilimuuliza, wewe mwanamume, au spoku
ya kukunjwa na kila mwenye koleo?
Sauti hiyo mahakama haikuisikia.
Kinasa, walisema, kiliishiwa chaji.

Hata siku yenyewe aliomba tusogeze saa,
watoto wa chuo hupita pale saa moja.
Nikaandika: *mtuhumiwa alipanga muda kwa umakini.*

Lakini kidole kilikuwa chake.
Hilo nalo niliseme, maana mama'ke hulikataa
na mimi singependa kulikataa kwa niaba yake.
Nilikuwa garini, ng'ambo ya soko la Mgandini.
Aliweka begi chini ya meza ya muuza dagaa,
akavuka, akageuka, akabonyeza.
Kimya.
Muuza dagaa akapiga chafya, akajifuta kwa upindo wa kanga.
Tawakali akamtazama, akamtazama vizuri kabisa,
akabonyeza tena.

Ile ya kwanza naweza kuibeba. Mkono wangu umo.
Hii ya pili ndiyo inayonikesha:
naigeuza juu chini kama rimu,
sijui ilipindwa wapi, na goti la nani.

Yeye kapewa miaka ishirini na mitano.
Mimi nimepewa nyota moja begani
na barua ya pongezi yenye jina lisilo langu.

Baiskeli ninayo bado. Ni mali ya serikali,
ila hakuna aliyekuja kuidai.
Jana niliiinamisha barazani, nikazungusha gurudumu,
likaenda, likaenda, halikuyumba popote.

Sijalipa.