Sauti Isiyopunjwa

Bahasha imefika leo kutoka Nagoya,
imefungwa mara tatu kana kwamba ndani mna yai.
Nimeiweka mezani, nikanawa mikono,
nikaikausha hadi katikati ya vidole,
kisha nikakaa, nikaitazama tu.
Miaka kumi na tisa nimeitafuta.
Haraka ya nini sasa?

Nje, Hakodate inafukiwa na theluji.
Jirani yangu Kuwabara anakwangua ngazi kwa koleo,
kwaru, kwaru. Mdundo mzuri, ila hauko sawasawa.

Mkanda wa karatasi upo!
Umezunguka kiuno cha jalada kama mkaja,
wa kijani, haukuchanika, haukufubaa,
na bei yake ya mwaka wa themanini na tano:
yeni elfu tatu na mia mbili.
Wengi waliutupa siku ileile, pamoja na risiti.
Leo mkanda usio na diski
una bei kuliko diski isiyo na mkanda.
Ndiyo dunia.

Vijana wawili wa Uingereza, nywele zimesimama kwa dawa,
vinanda vya umeme vinamwaga nyaya kama utumbo,
waliupa ulimwengu mzima nyimbo kumi.
Sisi tukapewa kumi na moja.
Huo wa mwisho hauna maneno.
Niliusikia mara moja, dukani, nikiwa binti,
pochini nina nauli tu.
Nakumbuka kengele. Mbali, juu kabisa, kengele.

Natia diski mashineni. Inasoma polepole,
penye mkwaruzo inarudi, inarudi tena,
kama karani asiyekula rushwa.
Sitaki sauti iliyobanwa ikatoshea mfukoni.
Hiyo ni pishi ya mchuuzi mjanja:
juu imefura, chini kuna kidole gumba.
Nataka haki yangu yote, hadi punje ya mwisho:
kiti kilicholia kabla ya noti ya kwanza,
mtu aliyevuta pumzi,
na ukimya wa katikati ya nyimbo, nao niupate mzima.

Namba zimelingana na za mtu wa Kumamoto nisiyemjua,
mwenye diski kama hii.
Hakuna kilichopotea.
Nimefungua daftari: mia nne na kumi na mbili.
Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini daftari la masikio nani analiandika?

Miaka ishirini na sita nilikuwa opereta wa simu.
Niliwajua watu kwa kikohozi chao,
nilijua Aomori kunanyesha kwa jinsi laini ilivyochemka.
Subiri kidogo, nakuunganisha.
Mwezi wa Novemba daktari Isozaki, kijana mpole,
alinionyesha mchoro wa usikivu wangu:
mstari ulikwenda vizuri, vizuri,
kisha ukaanguka kama mtu aliyekosa kidato.
"Kuanzia hapa kwenda juu," akasema, "kumebaki kidogo."
Nikamuuliza kama kuna nakala nyingine.
Hakucheka.

Nimeusikiliza wimbo wa kumi na moja mara nne.
Besi ipo. Ngoma ya mashine ipo, kavu, kama kwato.
Juu, hakuna mtu.

Saa kumi Mizuki, binti wa kaka yangu, ametoka shule.
Amevua viatu, theluji inayeyuka sakafuni, sijamgombeza.
Nimemvika vipokea sauti, vizito kwa shingo yake.
"Niambie kuna nini juu kule."
Amefumba macho. Biskuti imesimama shavuni.
"Kuna vijiko," akasema.
"Si kengele?"
"Vijiko, shangazi. Vidogo. Mtu anaviangusha kwenye sinki
halafu anajuta."

Vijiko!
Nusu ya maisha nimetafuta kengele.

Nikarudi daftarini, penye safu ya hali ya mali.
Mkanda: upo.
Kengele: nikakata kwa mstari mmoja, isomeke bado.
Vijiko: vipo, kwa ushahidi wa Mizuki.

Naye hakuwa akinitazama.
Alikuwa ameshaurudisha wimbo mwanzo,
bila kuniomba.